Kazi ya Kusoma Miamba Geu: Kutoka Makorongo ya Uluguru hadi Kwenye Hadubini

Mawe ya milima ya Uluguru yaliwahi kukaa zaidi ya kilomita 30 chini ya ardhi, kwenye joto la nyuzi 800 hivi za Selsiasi. Ya Upare na Usambara vilevile. Hali hiyo ilifikia kilele takriban miaka milioni 640 iliyopita, wakati vipande vya mabara vilipokuwa vikisukumana na Gondwana, bara kuu la kale, ikijengeka. Leo mawe hayohayo yako juani, akina mama wanaanika mihogo juu yake. Mwanajiolojia wa miamba geu kazi yake ni kuuliza jiwe lilifika kina gani, lilipata joto kiasi gani, lini, na lilirudi juu kwa njia ipi.

Wanafunzi wengi wanaoingia fani hii huamini majibu yanatoka kwenye mashine. Mashine zipo, na ni za gharama kubwa. Lakini sisi tunaofanya kazi hii tumeona ripoti nyingi mno zenye namba nzuri zilizotolewa kwenye jiwe baya. Namba ya joto haiwezi kuwa bora kuliko slaidi iliyopimwa, yaani kipande chembamba cha jiwe kilichogandishwa juu ya kioo, na slaidi haiwezi kuwa bora kuliko mahali ilipopigwa nyundo. Sehemu kubwa ya makala hii itakaa hapo.

Msingi wenyewe ni mfupi. Mwamba geu haukuyeyuka ukaganda upya kama lava. Ulibadilika ukiwa bado mgumu, madini ya zamani yakivunjika na mapya kuota, kwa sababu joto na mgandamizo vilibadilika. Kuanzia mwaka 1893 George Barrow, akipima ramani huko Uskoti, aliona kwamba madini mapya yanatokea kwa mpangilio kadiri joto linavyopanda: kloraiti, bayotaiti, ganeti, stauroliti, kianaiti, silimanaiti. Kuanzia mwaka 1915 Pentti Eskola wa Ufini alionyesha kwamba miamba yenye kemia moja ikipata joto na mgandamizo uleule hupata madini yaleyale, na hapo ndipo lilipotoka wazo la fasiesi, yaani kundi la miamba iliyopata joto na mgandamizo wa kiwango kimoja, ambalo bado tunalitumia kila siku.

Mfano bora wa kuanzia ni ndugu watatu: andalusaiti, kianaiti na silimanaiti. Kemia yao ni moja kabisa, alumini, silikoni na oksijeni. Kinachowatofautisha ni mahali walipozaliwa. Kianaiti hupenda mgandamizo mkubwa, andalusaiti mgandamizo mdogo, silimanaiti joto kubwa, na watatu hao hukutana kwenye nyuzi 500 hivi na kilobari 4 hivi. Kilobari 1 ni sawa na kilomita 3.6 hivi za mwamba juu yako, kwa hiyo kukuta kianaiti mkononi tayari kunakueleza jambo kuhusu kina. Kuitambua shambani si kazi: ni bapa za bluu au kijivu, na kisu cha chuma kitazichora ukikivuta kwa urefu wa fuwele lakini kitashindwa ukikipitisha kwa upana. Ugumu wake ni 4.5 hadi 5 upande mmoja na 6.5 hadi 7 upande mwingine. Kilima cha Murka, Taita Taveta, kiliwahi kuchimbwa kwa ajili ya madini hayo, maana yakichomwa hugeuka mulaiti inayohimili joto la tanuri.

Eneo letu la kazi lina jina kubwa, Ukanda wa Msumbiji. Aliyeupa jina ni Arthur Holmes, Mwingereza aliyefanya kazi Msumbiji kama kijana mwaka 1911, katika maandishi yaliyochapishwa 1951. Ukanda huu unatoka Msumbiji, unapita mashariki mwa Tanzania na Kenya, unaendelea hadi Ethiopia na kuungana na miamba ya pande zote mbili za Bahari ya Shamu. Ndani yake kuna vitu ambavyo wanajiolojia husafiri kutoka mbali kuja kuviona. Kilima cha Mautia, karibu na Kongwa, ndiko madini ya zambarau yaitwayo yoderaiti yalikoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1959, yakiwa pamoja na talki, kianaiti na kuatzi. Na katika Usagara, bonde la Ruaha Mkuu, mwaka 1995 ilichapishwa habari ya eklojaiti zenye umri wa miaka bilioni 2 hivi. Eklojaiti ni jiwe la ganeti nyekundu na pairoksini ya kijani linalozaliwa pale mwamba wa aina ya basalti unaposhushwa chini sana. Hizi zilifika kwenye kilobari 18 hivi, zaidi ya kilomita 60. Ni ushahidi kwamba hata zama hizo bamba moja la ardhi lilikuwa likizama chini ya jingine.

Sasa twende shambani.

Kabla ya nyundo kuna karatasi, na hili vyuoni halisemwi vya kutosha. Barua ya utambulisho hutoka chuoni au ofisini kwako, ikaenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ikashuka kwa Katibu Tawala wa Wilaya, kisha mtendaji wa kata, kisha mtendaji wa kijiji. Usiruke ngazi, barua ya mkoa isiyopita kijijini haitakusaidia mgambo akikukuta kilimani. Mtafiti kutoka nje ya nchi anahitaji kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), hifadhini unahitaji ruhusa ya wenye hifadhi, na kwenye eneo lenye leseni ya madini unaongea na mwenye leseni. Kijijini kwenyewe, ukimwambia mzee kwamba "unafanya utafiti" hujasema kitu. Ameona nyundo, ameona GPS, na anajua ni moja kati ya mawili: vito, au mali walizofukia Wajerumani. Shikamoo kwanza, kaa chini, fungua mfuko mbele yake aone ni mawe ya kawaida, mweleze yanakwenda kukatwa vipi, na chukua kijana wa palepale akuongoze kwa malipo mliyokubaliana. Huyo kijana anajua makorongo yote yenye mwamba wazi, jambo ambalo picha ya satelaiti inaweza kukuficha.

Ramani ina mtego wake. Ramani nyingi za zamani za Tanzania na Kenya, zikiwemo zile za robo digrii zinazopatikana kwa Taasisi ya Jiolojia Dodoma, zimechorwa kwa datumu (msingi wa kupimia nukta) ya Arc 1960. Simu yako inasoma WGS84. Usipobadilisha, kila nukta itahama mita 300 hivi, zaidi kwa upande wa kaskazini na kusini, na mpaka wa marumaru na naisi (mwamba geu wenye mistari ya madini) utaupeleka ng'ambo ya bonde. Mtego wa pili ni kanda za UTM, mfumo wa gridi unaoigawa dunia kwa kanda za longitudo. Mpaka wa kanda ya 36 na ya 37 ni longitudo 36 mashariki: Dodoma mjini iko kanda ya 36, Kongwa iko kanda ya 37. Ukikusanya nukta za safari moja bila kuandika kanda, nusu yake zitaangukia mamia ya kilomita mbali na ulipokuwa. Andika kanda na datumu kwenye ukurasa wa kwanza wa kila daftari, hata kama unaona ni upuuzi.

Msimu mzuri ni Juni hadi Oktoba. Nyasi zimekauka au zimeungua, mito imeshuka na sakafu yake ya mwamba inaonekana. Katika nchi za joto mwamba huoza kwa kina kirefu, na mlima mzima unaweza usikupe sampuli moja ya maana juu ya uso wake. Tafuta sakafu za mito, maporomoko, machimbo ya kokoto, barabara mpya zilizokatwa, na vilele vikali. Jiwe lililooza linajitambulisha: ganeti ina koti la kutu, ulanga mweusi (bayotaiti) umegeuka rangi ya dhahabu na unavimba ukiuchoma kwa kiberiti, feldispa imekuwa unga mweupe unaoshika kwenye ulimi. Jiwe hilo usilibebe, hata kama ndilo pekee ulilopata siku nzima. Kemia yake imekwisha kubadilishwa na mvua, na hesabu yoyote utakayoifanya baadaye itakuwa ya mvua.

Vifaa ni vichache: nyundo ya kilo 1 hadi 1.5, nyundo kubwa ya kilo 4 au zaidi, tindo, lenzi ya mara 10, dira yenye kipima mwinamo, chupa ndogo ya asidi ya hidrokloriki ya asilimia 10, sumaku, kalamu za rangi isiyofutika, mifuko migumu, na miwani ya kinga. Miwani si ya mapambo. Na usipige nyundo kwa nyundo, kamwe. Chuma kilichokazwa hupasuka na kipande kinaruka kwa kasi ya risasi. Asidi inatofautisha marumaru: yenye kalsaiti hutoa povu papo hapo, ya dolomaiti inakaa kimya hadi uikwangue iwe unga.

Ukifika kwenye mwamba, swali la kwanza ni kama haujahama. Mawe makubwa ya Uluguru huporomoka na kutulia vizuri kiasi cha kumdanganya mtu. Ukipima mwinamo wa jiwe lililobingirika umepima historia ya mporomoko. Angalia kama mawe ya jirani yana mwelekeo uleule. Swali la pili ni dira yenyewe. Amfibolaiti na naisi zenye magnetaiti huivuta sindano, kwa hiyo jaribu sumaku kwanza, na ikishika, pima ukiwa umesimama mita chache kando huku ukitazama kwa mbali. Kisha pima foliesheni, yaani bapa ambazo madini yamelala juu yake, na ndani ya bapa hizo pima mstari ambao madini yamenyooshewa. Vipimo viwili, si kimoja. Mstari ndio unaoonyesha mwamba ulivutwa kuelekea wapi, na ndio wengi wanaousahau.

Kabla hujalitoa jiwe, chora juu yake alama ya mwelekeo na mwinamo, na mshale wa juu. Likishatoka ukutani bila alama, halitakuambia tena. Kilo 1 hadi 2 zinatosha kwa slaidi na kemia ikiwa chembe ni ndogo. Naisi yenye ganeti za sentimita 2 au 3 inataka kilo 5 hadi 10, la sivyo utakuwa umepima kemia ya ganeti moja ukaiita kemia ya mwamba. Kwa ajili ya zirkoni, madini madogo yanayotumika kupima umri, chukua kilo 2 hadi 5 za mwamba wenye silika nyingi, na zaidi ya hapo kwa mwamba mweusi. Andika namba ya sampuli mara mbili, juu ya jiwe na juu ya mfuko, kwa sababu mifuko huchanika kwenye buti la Land Cruiser.

Tukubaliane pia kuhusu kinachochukuliwa. Mgeni huchukua jiwe zuri zaidi, lenye ganeti kubwa kuliko zote. Mara nyingi hilo si jiwe la kupima. Linalofaa ni lile lenye madini mengi ya aina tofauti yanayogusana: ganeti, ulanga mweusi, plajioklesi (aina ya feldispa), kuatzi, na silimanaiti au kianaiti. Kila jozi inayogusana ni mlinganyo mmoja utakaoweza kuutatua. Fuwele kubwa ya peke yake ni ya kabatini.

Maabara, hatua ya kwanza ni kukata. Kipande kinakatwa kwa msumeno wa almasi, bapa la kukata likisimama wima juu ya foliesheni na kwenda sambamba na ule mstari ulioupima. Ukikata kwa upande mwingine mwelekeo wa msuguano hauonekani, na ulanga utauona kama vipande vipana visivyosema kitu. Kipande kinalainishwa upande mmoja juu ya kioo kwa unga wa kaborandamu wa namba 240, kisha 400, kisha 600 au zaidi, na kuoshwa kabisa kila unapobadili namba. Chembe moja ya 240 ikibaki kwenye 600 inachora mikwaruzo juu ya kazi yote. Kikaushwe kwenye bamba la moto la nyuzi 50 au 60, kigandishwe kwa epoksi juu ya kioo cha milimita 27 kwa 46, povu likandamizwe litoke, na kiachwe hadi gundi ishike, mara nyingi usiku kucha. Kisha kinakatwa kibaki chembamba, kinasagwa hadi kikaribie milimita 0.1, na sehemu ya mwisho ni ya mkono na jicho. Lengo ni milimita 0.03.

Kuatzi ndiyo kipimo. Chini ya hadubini, vichujio viwili vya mwanga vikiwa vimepishana, kuatzi ya unene sahihi ni ya kijivu hadi nyeupe, labda na dalili ya manjano. Ikiwa ya manjano iliyokolea au machungwa, slaidi ni nene na rangi zote za madini mengine zitakudanganya. Ikiwa kijivu cha giza, umeshapitiliza, na huna la kufanya isipokuwa kuanza upya. Makosa mengine tunayoyaona kila mara: shisti ya ulanga iliyokatwa bila kunyweshwa epoksi kwanza, ikaachana kama kurasa, kinywe (grafiti) kilichopakaa weusi slaidi nzima, ganeti ngumu iliyobaki imeinuka huku madini laini pembeni yake yamekwisha. Slaidi ya kwenda kwenye mikroprobu, mashine ya kupima kemia ya nukta ndogo, inapigwa msasa zaidi kwa rojo la unga wa almasi ya mikroni 6, 3, na 1, na haifunikwi kioo.

Sasa ndipo jiwe linaposomwa, na hapa tunawashauri wanaoanza wakae. Siku nzima kwa slaidi moja si kupoteza muda. Unachotafuta si orodha ya madini, ni nani alimla nani. Madini yaliyofungiwa ndani ya ganeti yalikuwepo ganeti ilipokuwa ikikua. Yaliyo nje ni ya baadaye au yalidumu hadi mwisho. Ukikuta kianaiti ndani ya ganeti na silimanaiti nje yake, umeshaijua njia kabla ya mashine yoyote: jiwe lilianza kwenye mgandamizo mkubwa likaingia penye joto zaidi au mgandamizo mdogo.

Granulaiti, yaani miamba geu iliyopata joto kubwa sana, za Upare, Usambara na Uluguru ndizo shule yetu bora. Katika mengi ya mawe haya, pale othopairoksini inapogusana na plajioklesi kumeota pete nyembamba ya ganeti, mara nyingine ikiwa imechanganyika na kuatzi kwa umbo la vidole. Mmenyuko huo hutokea mwamba unapopoa ukiwa bado kina kilekile. Maana yake miamba hii haikukimbilia juu baada ya kugonga kilele cha joto; ilikaa chini ikapoa polepole. Ingekuwa imepandishwa haraka, tungeona kinyume: ganeti ikiliwa na kuzungukwa na plajioklesi na othopairoksini. Baadhi ya miamba ya upande wa magharibi wa ukanda inaonyesha hilo la pili. Tofauti hiyo, inayoonekana kwa macho kwenye slaidi ya bei ya kawaida, imeendesha mjadala mkubwa wa jinsi Afrika Mashariki ilivyoungana. Mashine zilikuja baadaye kuipa namba.

Na namba zinakuja hivi. Mikroprobu ya elektroni inarusha mwale wa kilovolti 15 na nanoampia 20 hivi kwenye nukta ya mikroni chache, na kusoma kemia ya nukta hiyo. Kabla ya kuamini, jumlisha asilimia zote. Ganeti ijumlishe karibu 100, tuseme kati ya 98.5 na 101.5, na ikipigiwa hesabu kwa oksijeni 12 itoe kationi (ioni chanya) 8. Feldispa kwa oksijeni 8 itoe kationi 5. Bayotaiti ikijumlisha 94 hadi 96 usishtuke, maji yake hayapimwi. Ikijumlisha 100 ndiyo ya kutilia shaka. Sodiamu hukimbia mwale, kwa hiyo kwenye plajioklesi na ulanga panua mwale hadi mikroni 5 au 10 na pima sodiamu kwanza.

Kipimajoto kinachotumika sana ni cha ganeti na bayotaiti: zinabadilishana chuma na magnesi kulingana na joto. Kwa mgandamizo kuna mlinganyo wa ganeti, plajioklesi, kuatzi na mmojawapo wa wale ndugu watatu. Tarajia kosa la nyuzi 50 juu na chini kwa joto, na kilobari 1 juu na chini kwa mgandamizo. Anayeandika "nyuzi 793" bila kosa lake hajaelewa kipimo chake. Matatizo makubwa hutokea wakati wa kupoa. Ganeti na bayotaiti zinazogusana huendelea kubadilishana hadi joto likishuka sana, kwa hiyo ukipima ukingo na ukingo utapata joto la mwisho wa safari. Ukijibu kwa kuchukua kiini cha ganeti na kukipanga na bayotaiti yoyote iliyo karibu, utapata joto la ajabu, kwa sababu madini hayo mawili huenda hayajawahi kuwa katika msawazo. Dalili moja ya kutazama ni manganizi: ikipanda ghafla kwenye ukingo wa mwisho wa ganeti, ganeti hiyo imeliwa, na ukingo unaouona si ule wa kileleni.

Siku hizi wengi hutumia programu kama THERMOCALC, Perple_X au Theriak-Domino, ambazo huchora ramani ya madini yapi yangedumu kwenye kila joto na mgandamizo kwa kemia uliyoiingiza. Ni zana nzuri sana na zimeleta uvivu wake. Programu haijui kama kemia uliyoiingiza ni ya sehemu iliyokuwa ikimenyuka kweli. Ikiwa nusu ya ganeti ni kiini cha zamani kilichojifungia, kemia ya mwamba mzima si kemia iliyokuwa kazini. Programu itachora tu. Haitakukatalia.

Umri una mtego unaofanana na huo. Mwamba unasagwa, unachekechwa kwa wavu wa mikroni 250 au 300, unapepetwa majini, unapitishwa kwenye sumaku na vimiminika vizito, kisha zirkoni zinaokotwa moja moja kwa sindano chini ya hadubini. Mashine ya kusaga isiposafishwa kwa brashi, hewa ya kompresa na kuatzi tupu kati ya sampuli na sampuli, utapata umri mzuri wa mlima wa mtu mwingine. Zirkoni zinapangwa kwenye epoksi, zinasagwa hadi nusu, na zinapigwa picha ya mng'ao kuonyesha pete zao za ndani. Picha hiyo si hiari. Karibu na ukingo wa Kratoni ya Tanzania, kiini cha kale cha bara, zirkoni nyingi zina kiini cha miaka bilioni 2.6 au 2.7 na ukingo mwembamba wa ugeuzi wa juzi kwa kulinganisha. Leza ya kupimia umri, yenye nukta ya mikroni 30, ikikanyaga vyote viwili inatoa umri wa katikati usiolingana na tukio lolote lililowahi kutokea. Tena umri mmoja haumalizi habari: zirkoni inakumbuka joto kubwa, honiblendi inaanza kuhesabu kwenye nyuzi 500 hivi inapopoa, bayotaiti kwenye 300 hivi. Ukiwa na saa kadhaa ndipo unajua kasi ya kupoa.

Vipimo vya kawaida vya kemia vinapatikana nchini. Kituo cha AMGC kilichopo Kunduchi, Dar es Salaam, kinahudumia nchi kadhaa. Kwa mikroprobu na leza watafiti wengi hupeleka sampuli nje, na hapo uanze mapema kushughulikia kibali cha kusafirisha sampuli kutoka Tume ya Madini. Jiwe la kijivu la naisi linatakiwa karatasi sawasawa na jiwe la thamani.

Mkate unatoka wapi? Kusema kweli, nafasi za kukaa chuo kikuu ukisoma granulaiti ni chache. Lakini ujuzi huu unauzika, hasa kwenye kinywe. Kinywe ni kaboni ya mashapo ya zamani iliyopikwa, na ukubwa wa vipande vyake hufuata kiwango cha ugeuzi: joto kubwa, vipande vikubwa. Ndiyo maana naisi za Mahenge zimewavutia wawekezaji. Soko hugawa kwa ukubwa, juu ya mikroni 300 bei ni nyingine kabisa na chini ya 150 ni nyingine. Mwanajiolojia wa miamba geu hapa anafanya mambo mawili ambayo mashine ya kusaga haiwezi. Anatazama slaidi na kuona kama vipande vya kinywe vimeshikana na ulanga karatasi kwa karatasi, maana vikiwa hivyo usafi wa mwisho utashuka hata mkisaga mara ngapi, na kusaga zaidi kunavunja vipande vikubwa mlivyokuwa mnavitafuta. Na anahakikisha maabara imeondoa kaboni ya marumaru kwa asidi kabla ya kuchoma sampuli. Isipofanya hivyo, kalsaiti itahesabiwa kama kinywe na kiwango kitapanda kwenye karatasi tu.

Vito ni eneo la pili. Tanzanaiti ya Mirerani, iliyojulikana kwa dunia mwaka 1967, ni zoisaiti yenye vanadi, na vanadi hiyo inahusishwa na naisi zenye kinywe zilizo palepale. Nyingi hutoka ardhini zikiwa na ukahawia, na bluu inayotafutwa hupatikana kwa kuchomwa kwenye nyuzi 500 hadi 600. Tsavoraiti ya mpaka wa Tanzania na Kenya ni ganeti ya kijani kutoka mazingira ya namna hiyohiyo. Spineli za Mahenge zinatoka kwenye marumaru. Anayeelewa mikunjo ya naisi anaweza kumwambia mwenye kitalu kwamba mshipa haukuisha, umekunjwa, na utarudi upande ule kwa mwinamo ule. Wana-Apolo, yaani wachimbaji wa Mirerani, wenye uzoefu wanalijua hilo kwa mkono bila kusoma popote, na kijana wa shahada anayeingia shimoni akianza kuwafundisha kabla ya kuwauliza anapoteza elimu ya bure.

Kisha kuna ujenzi, ambao wanafunzi huudharau. Handaki likikata foliesheni kwa pembe mraba hukaa vizuri zaidi. Likienda sambamba nayo, bapa hujiachia kutoka ukutani na darini. Kokoto za naisi iliyosuguliwa sana zina kuatzi iliyochoshwa, ambayo humenyuka na alkali za saruji na kupasua zege miaka baadaye. Ulanga mwingi kwenye mchanga hunywa maji na kupunguza nguvu ya zege. Slaidi moja mapema inagharimu kidogo kuliko nguzo moja iliyopasuka. Kwenye uchorongaji, nguzo ya mwamba ya milimita 47.6 au 63.5 inatakiwa iwekewe mwelekeo chini ya shimo, la sivyo pembe zote utakazosoma ni nusu ya habari. Na uchorongaji wa kutoa kokoto, ingawa ni wa bei nafuu, huua foliesheni yote.

Kwa anayetaka kuingia: kemia, fizikia na hisabati kidato cha sita, kisha shahada ya jiolojia. Somo litakalokuchuja ni la madini chini ya hadubini. Usilikariri. Chora. Chora kila slaidi kwa penseli, na mizani, na majina, kwa sababu mkono ukichora jicho linalazimika kuona mpaka wa madini na madini. Uzamili unahitajika karibu kila mara kwa anayetaka kupima joto na umri mwenyewe. Jifunze lugha moja ya programu kiasi cha kupanga data zako, na jifunze kukata na kusaga slaidi wewe mwenyewe hata kama maabara yenu ina fundi, kwa kuwa fundi akistaafu ndipo watu hugundua hakuna mwingine anayeijua mashine. Na kila jiwe linalokatwa lina bakio lake. Bakio hilo lirudi kwenye mfuko wenye namba ileile, liwekwe rafuni, liandikwe kwenye daftari la stoo. Mtu wa baada yako atakuwa na mashine ambayo wewe hukuwa nayo, na atalihitaji.